Tangi la Pili la Landrova

Mume wangu ni mtu wa jerikeni. Ukimwambia safari ni ndefu, haoni barabara wala milima, anaona jerikeni tu: mbili juu ya paa, mbili nyuma ya kiti, na nyingine ya akiba endapo hizo zitaisha. Mimi nilishaapa. Kuna wakati tulienda matanga na moja ikavuja njia nzima, tukashuka tukinuka kama injini ya posho mili, ile ya kusagia mahindi, na mchungaji akanivuta kando akaniuliza kwa upole kama tumepata ajali. Siku hiyo nilimwambia mume wangu kwamba mafuta yakiingia tena ndani ya gari nikiwa dereva, basi ajitafutie dereva mwingine. Yeye macho yake yamechoka, hawezi kuendesha mbali, kwa hiyo neno langu lilisimama.

Ndiyo maana safari ya kwa binti yetu ilipokuja, nilitangaza mezani kwamba Landrova yetu itawekewa tangi la pili.

Binti yetu wa mwisho ni nesi katika zahanati ndogo mashariki ya Ziwa Turkana, mbele kabisa ya Loiyangalani. Alipelekwa huko na kazi, akakutana na mwalimu mzaliwa wa huko, na mambo yakawa mambo. Sasa alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Sisi tunaishi Munyaka, mjini Eldoret, ambako nina duka la dawa za mifugo. Mama yangu mzazi yuko Ainabkoi na ng'ombe wake na viazi vyake, hataki kusikia habari za kuhamia mjini. Nilipompigia simu kumwambia amepata kitukuu, hakuuliza uzito wala mtoto amefanana na nani. Aliuliza, "Ameshapewa jina?"

Hapo kuna maelezo. Kwetu, mbali na jina la kanisani, mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Wanawake wazee humpakata wakayataja majina ya marehemu, moja moja, bila haraka, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa ndilo lake. Ni kana kwamba mwenyewe ameitika. Siku hizi wengi hawana muda, huchagua tu jina wanaloona ni zuri. Mama yangu hachagui. Na kwa upande wetu wa wanawake, yeye ndiye peke yake aliyebaki anayeyajua majina yale yote. Dada zake, mashangazi, mawifi, wote wameenda.

"Nipelekeni," alisema. "Mimi nikiwafuata hao waliotangulia, hamtakuwa na mtu wa kuwaita."

Wakwe wa binti yangu, ambao nao wana desturi zao, walikubali kwa roho safi kumngoja bibi. Lakini kasisi hufika upande ule mara chache sana, na alikuwa ameshatangaza Jumapili atakayobatiza watoto. Jina la ukoo lilihitajika kabla ya hapo, maana huandikwa pamoja na la kanisani. Kwa hiyo tulikuwa na kazi moja tu: kumfikisha mama Jumamosi, akiwa mzima. Tungechelewa, mtoto angebatizwa, wazazi wangemwandikia jina lolote, na mama angerudi Ainabkoi na majina yake yote kifuani. Alikuwa mzee kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kusema "mtoto wa pili utawahi."

Sasa, anayetoka Eldoret kwenda kule anajaza Maralal, na baada ya Maralal dizeli ni ya kubahatisha. Inauzwa kwa madebe, na unaweza kufika ukaambiwa muuzaji ameenda harusi na ufunguo yuko nao. Ndipo nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu ana kibanda cha kuchomelea vyuma si mbali na nyumbani. Ametoka upande wa Kakamega akiwa kijana, na tangu afike Eldoret hajatengeneza kitu kingine ila vyombo vya maziwa: mikebe, matangi ya kupoza, beseni za kunyweshea ndama. Nilimpeleka chini ya Landrova, nikamwonyesha nafasi iliyokuwa wazi nyuma, kando ya ekseli. Akapima kwa kamba, akalala chali, akatoka na majani mgongoni.

"Inaingia, Mama," akasema. "Nitakutengenezea ya stenlisi. Hii haishiki kutu hata wajukuu wako wataendesha nayo."

Alilifanya kwa moyo. Ndani aliweka vizuizi ili mafuta yasiyumbeyumbe kwenye kona. Akaweka bomba la kupumulia, kizibo cha kumwagia chini, na waya wa kwenda kwenye swichi karibu na usukani, ili nikibonyeza gari liache tangi la kwanza linywe la pili. Lakini juu, badala ya kufunga kabisa, aliacha mdomo mpana wenye mfuniko wa skurubu, mkono mzima ungeingia mpaka begani.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

Alinishangaa. "Sasa utaosha na nini?"

Nilimwambia tangi la dizeli halioshwi. Akasema chombo ni chombo. Kwake yeye, kitu kisichoingia mkono wa kukisugua hakijakamilika, na hakuwa tayari kuaibisha jina lake. Nikamwachia. Mdomo mpana haungemdhuru mtu, ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mume wangu lile tangi. Gasketi ya mfuniko, ule mpira wa kuzuia kuvuja, ilikuwa haijapatikana, kwa hiyo nililichukua hivyo hivyo, wazi, nikaliweka kwenye veranda. Lilikuwa linang'aa mpaka kuku walikuwa wanajitazama.

Mume wangu alilizunguka mikono nyuma, kama mtu anayenunua fahali. "Ni zuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini jerikeni haina waya."

Siku ile mama alikuwa kwetu. Alikuwa amekuja kupimwa mguu katika hospitali ya Plateau, na daktari alikuwa amemruhusu kusafiri mradi awe anashuka kujinyoosha. Alilitazama tangi akiwa amekaa kwenye kiti chake, akauliza, "Hiyo ni ya nini?"

Mimi nilikuwa natoka kwenda dukani, ufunguo mkononi. Nina mdomo wa utani, na utani wangu umeniletea taabu zaidi ya hasira zangu. Nikamjibu, "Hiyo ni ya kubeba kinywaji ya safari, Mama!"

Nikaondoka nikicheka peke yangu. Kinywaji cha gari, nilimaanisha.

Jioni niliporudi nyumba ilinukia moshi wa senetwet, ule mti ambao vijiti vyake huchomwa, na kwa makaa yake vibuyu vikasuguliwa ndani kabla ya kutiwa maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa. Ni harufu ya utoto wangu. Nilisimama mlangoni nikaivuta, nikafurahi, nikajua mama anaandaa vibuyu vya kumpelekea mzazi. Hata sikutazama kwenye veranda. Kesho yake mama alirudi Ainabkoi kukamua, na fundi akaja na gasketi. Aliinama kwenye mdomo wa tangi, akaona giza, akafunga. Mpaka saa ya chai tangi lilikuwa chini ya Landrova, mabomba yameungwa, na mimi nikabonyeza swichi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ya safari mama aliletwa na jirani yake kwa pikapu. Alishuka na vibuyu vitatu vya mursik, gunia la viazi, na mkebe mzima wa maziwa. Alitazama kwenye veranda, akatazama tena.

"Tangi iko wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya gari, nikamwinamisha kidogo. "Hiyo hapo, Mama. Imejaa mafuta. Huko mbele hatutabembeleza mtu."

Mama alilitazama tangi kwa muda. Akanyooka taratibu, akakung'uta nguo yake. "Haya," akasema. Kisha akamwambia jirani arudi na ule mkebe wa maziwa. Nilishangaa kwa nini aliubeba kutoka Ainabkoi ili tu aurudishe, lakini mtu wa umri wake haulizwi maswali saa ya kuondoka. Tuliomba, tukapanda, tukaanza safari.

Safari ilikuwa tamu. Tulishuka kutoka Iten mpaka bondeni, joto likatupokea, makoti yakaanza kuvuliwa, mama akivua moja akibaki na jingine. Alikaa mbele nami. Mume wangu alikaa nyuma na vibuyu, na kwa kuwa yule ni mama mkwe wake, hakupiga stori zake za kawaida. Alibaki kutaja majina ya mito, maana alifundisha jiografia mpaka alipostaafu. Mama naye alikuwa akinong'ona njia nzima. Nilidhani anaomba. Kisha nikasikia jina la bibi yangu, halafu la shangazi mmoja, halafu mwingine, na nikaelewa kwamba alikuwa akiwapanga foleni.

Tulilala Maralal, tukajaza la kwanza, tukaendelea. Baragoi tulikuta muuzaji wa dizeli hayupo, na nikajipongeza kwa sauti ili mtu wa jerikeni asikie. Barabara ilikuwa ya mawe na mchanga, gari likinywa kama limetoka kufunga. Sindano ya tangi la kwanza iliposhuka karibu na chini, niliinua kidole nikasema, "Mheshimiwa huko nyuma, tazama maendeleo," nikabonyeza swichi.

Landrova ilienda vizuri kwa muda. Kisha ikakohoa. Ikavuta, ikasita, ikakohoa tena, na juu ya kimlima kisicho na mti hata mmoja ikazima.

Jua lilikuwa bado liko juu na hapakuwa na mtu. Mume wangu alishuka, akafungua boneti, akafungua filta ya dizeli, akaiinamisha kwenye kiganja chake. Kilichotoka hakikuwa dizeli. Ulikuwa uji mweusi, laini. Nikaupaka kwenye vidole. Nikanusa.

Pamoja na ukali wote wa harufu ya dizeli ile, nilinusa utoto wangu.

"Mama," nikasema. "Hii ni nini?"

Mama alikuwa ameshuka kujinyoosha mguu. "Ni makaa," akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Makaa ya nini?"

"Ya senetwet. Si nilisugua hiyo tangi."

"Ulisugua tangi?"

"Uliniambia ni ya kubeba kinywaji. Nikasema hawa watoto sasa wamekuwa watu, wanapelekea mzazi maziwa ya kutosha. Nikaisugua vizuri, mpaka kwa zile kona. Mkono ilikuwa inaingia." Akaongeza, kwa haki kabisa, "Huyo fundi anajua kazi."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeendesha siku mbili, nimejisifu siku mbili, na sasa tulikuwa tumesimama jangwani kwa sababu ya usafi. "Na ulipoona imefungwa chini ya gari, Mama? Imejaa dizeli? Mbona haukusema?"

Hapo sauti yake ilibadilika. Alinitazama kama anavyoweza kunitazama yeye tu, mimi bibi mzima mwenye duka, nikawa msichana tena.

"Ningesema mngeifungua," akasema. "Mngeifungua, hatungetoka siku hiyo. Na kasisi hangoji. Mtoto angebatizwa mimi niko Munyaka nangojea fundi." Akavuta koti lake. "Na hayo makaa tumekula maisha yetu yote, sijaona yakiumiza mtu. Nikasema gari nayo itavumilia."

Kutoka nyuma ya gari nilisikia sauti kama ya mtu anayekabwa. Ilikuwa ni mume wangu. Alikuwa ameenda kujificha huko ili asimcheke mama mkwe wake usoni, na ameshika gurudumu kwa mikono miwili. Nilimfuata ili nimkaripie. Nilipomwona machozi yanamtoka, hasira yangu ikaniacha hapo hapo nikiihitaji, tukacheka wote wawili tumeegemea Landrova, mpaka mama akaita kutuuliza kama kuna mtu ameumwa na nge.

Lakini kicheko hakiendeshi gari. Tangi la kwanza lilikuwa na dizeli ya kutufikisha South Horr labda, si zaidi. Ile nyingine yote ilikuwa humo kwenye makaa. Mume wangu alijikohoza. Akafungua mlango wa nyuma, akasukuma gunia la viazi, akatoa jerikeni mbili tupu alizokuwa amezificha bila mimi kujua. Aliziweka mbele yangu, akazipanga sawasawa. Tuna miaka mingi katika ndoa, na sidhani kama amewahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Mama ndiye aliyeshika uchujaji. Alikunja kitambaa chake cha kichwa, cha pamba, mara mbili, akakunja tena, akakifunga kwenye mdomo wa jerikeni kama anavyofanya na maziwa ya jioni. Mume wangu alilala chini akafungua kizibo. Mimi nilishika sufuria. Ile ya kwanza, nyeusi tititi, tuliiweka kando. Iliyofuata tuliimwaga polepole, mama akisema "pole, pole, si mbio," akikisuuza kitambaa kila kikijaa. Ilituchukua mchana mzima uliobaki. Mafuta yalimrukia mikononi, kwenye koti, kwenye shingo. Tulitia iliyochujwa katika tangi la kwanza, tukaweka filta ya akiba, tukatoa upepo kwenye mabomba, na Landrova ikashika. Nikapiga honi, ingawa hapakuwa na wa kumpigia.

Tulilala South Horr, tukaingia kwa binti yangu Jumamosi alasiri, watu wote wa upande wa mumewe wamejaa uani. Binti yangu alitukimbilia, akatukumbatia, akarudi nyuma. "Mbona mnanuka hivyo?" Mume wangu akamwambia ni hadithi ndefu, na kwamba yeye mwenyewe hahusiki hata kidogo.

Mama hakutaka chai wala maji ya kuoga. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Alimweka kifuani, na kabla hajafungua mdomo mtoto alikunja pua na kupiga chafya kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Mama wa mume wa binti yangu akauliza, "Ni nani alikuwa ametajwa?"

"Ni dizeli," mume wangu akasema, na ua mzima ukaangua kicheko.

"Hiyo haihesabiwi," mama akasema. Alivua koti, akamkabidhi mtu alipeleke mbali, akaoshwa mikono na shingo, na akaanza upya.

Alianza na mama mkwe wake, kama inavyostahili. Mtoto akalala. Akamtaja mama yake mzazi. Akamtaja shangazi, na mwingine, na wale ambao mimi nawajua kwa hadithi tu. Kila jina alilitaja na kulirudia, akingoja. Mtoto alipiga miayo. Alinyonya kidole. Ugoro wa kumsaidia kupiga chafya uliletwa, mama akaukataa kwa kichwa. Foleni yote aliyoipanga toka Eldoret ilipita, na sauti yake ikaanza kushuka, na mimi nikaogopa, kwa kweli niliogopa, kwa sababu nilimwona anatazama chini kama mtu ambaye amebisha hodi kila mahali na hakuna aliyefungua.

Kisha akamwinamia mtoto sikioni na kunong'ona jina moja ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu maisha yangu yote.

Mtoto akapiga chafya.

Wanawake wakapiga vigelegele, lakini mama hakuinua kichwa. Nilimsogelea. "Huyo ni nani, Mama?"

"Ni dada yangu," akasema. "Yule mkubwa. Alikuwa ananibeba mgongoni nikiwa mdogo. Aliugua homa akaenda kabla ya kuolewa, kabla ya kuzaa, na asiyezaa hatajwi. Mama alikataza jina lake nyumbani, lilikuwa linamuumiza." Alifuta uso wa mtoto kwa kidole ambacho bado kilikuwa cheusi kwenye ukucha. "Nilikuwa nimebaki mimi tu wa kujua kwamba aliishi."

Nililia pale pale, mbele ya wakwe, bila aibu yoyote.

Binti yangu hakuwa amesikia haya, alikuwa jikoni. Walimwambia jina kupitia dirisha, akalirudia mara moja kulijaribu. Mtoto alipoanza kulia kwa njaa, akatokea mlangoni akifungua vifungo vya blauzi, akaliita jina lile kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mtoto wake yeyote: nyamaza basi, nakuja. Mama yangu, ambaye hakuwa amelisikia likiitwa tangu utotoni, aligeuka haraka akatazama mlangoni, uso wake wote umefunguka, akiwa msichana mdogo kabisa.